Jinsi ya kuwasimulia watoto wa Pwani hadithi ya marbendill

Hadithi hii ya marbendill, mtu wa baharini, inataka nusu saa, kipande cha tumbawe, na msimulizi anayejua kunyamaza. Mimi huisimulia barazani kwangu Kigamboni, baina ya magharibi na isha, kwa wajukuu zangu na watoto wa jirani, wengi wao watoto wa wavuvi. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na ngano nyingi zimepita kinywani mwangu, lakini hii ndiyo ambayo watoto huirudia wenyewe kesho yake wakiwa wanacheza. Naandika namna ninavyoifanya ili na wewe uliye Temeke, Kunduchi au Mbweni uweze kuisimulia bila kuiharibu. Kuiharibu ni rahisi sana.

Kwanza uijue yenyewe. Inatoka Aisilandi. Jón Árnason, mkusanyaji mkubwa wa ngano za nchi hiyo, aliitia katika mkusanyo wake uliochapwa Leipzig, Ujerumani, juzuu mbili, 1862 na 1864.

Mkulima mmoja wa upande wa Vogar, rasi ya kusini-magharibi mwa Aisilandi, alikwenda kuvua kwa mshipi. Akavuta, akaona uzito, akapandisha chomboni kiumbe mwenye kichwa kikubwa na mikono mirefu, na kuanzia kitovuni kwenda chini umbo la sili. Akajitaja kuwa ni marbendill, mtu wa baharini, kisha akafunga kinywa. Mkulima akampeleka pwani bila ridhaa yake. Walipofika ufukoni, mbwa wa mkulima akamrukia bwana wake kwa furaha, bwana akampiga. Marbendill akacheka. Wakapanda kuelekea nyumbani, mkulima akajikwaa kwenye kinundu cha ardhi, akakilaani. Marbendill akacheka mara ya pili. Mlangoni mke akatoka kumlaki mumewe kwa maneno matamu, mume akakunjuka uso. Marbendill akacheka mara ya tatu.

Mkulima akamwuliza anacheka nini. Akajibiwa: sisemi mpaka uniahidi kunirudisha pale pale uliponitoa. Akaahidi. Basi akaambiwa: nilicheka ulipompiga mbwa aliyekupokea kwa moyo wa kweli, nilicheka ulipokilaani kinundu ambacho chini yake mna mali, na nilicheka ulipofurahia mapokezi ya mkeo, ambaye si mwaminifu kwako. Mkulima akachimba, akakuta fedha nyingi. Akamrudisha marbendill baharini. Baada ya siku chache wakatokea ng'ombe saba wa rangi ya kijivu cha bahari, wakila majani karibu na pwani yake, kila mmoja ana kibofu puani. Akampiga mmoja usoni kwa fimbo, kibofu kikapasuka, akamkamata; wengine wakakimbilia majini. Yule mmoja akawa ng'ombe wa maziwa asiye na mfano, na uzao wake wa kijivu ukaenea Aisilandi.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa tuje kwenye kuisimulia.

Kabla ya kuita "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", wape mambo matatu ya nchi ile, na uyatoe upesi. Ukiyaacha uje kuyaeleza katikati, utakata kamba wakati mzigo uko hewani. La kwanza ni kwamba kule mkulima na mvuvi ni mtu mmoja, kama ilivyo Kimbiji na Gezaulole. Hili watalielewa mara moja. La pili, nyasi ni uhai. Majira ya baridi ni marefu, na mjini Reykjavík katika siku fupi kabisa za Desemba mwanga wa jua hukaa takriban saa nne tu. Nafaka ilikuwa ngumu kuota, kwa hiyo familia iliishi kwa samaki, kondoo na maziwa, na ng'ombe waliishi kwa nyasi zilizokatwa kiangazi kwenye uwanja ulioizunguka nyumba. Mtoto akishajua hivyo, ng'ombe mwenye maziwa mengi hatamwona kuwa zawadi ndogo mbele ya fedha.

La tatu ni kinundu. Hapa nakaa kidogo, maana bila kinundu kicheko cha pili hakina mguu. Udongo wa Aisilandi hushika maji. Maji yakiganda hutanuka na kuusukuma udongo juu, yakiyeyuka hulegea, yakiganda tena husukuma tena, mwaka hata mwaka, mpaka uwanja mzima ukajaa vinundu vya majani vinavyofika gotini. Mtu akitembea gizani hujikwaa. Usiseme kichuguu, kwa sababu mtoto ataanza kuwaza mchwa na kukuuliza mchwa wako wapi. Mimi hukusanya mchanga uani, nikautengenezea kinundu, nikakifunika kwa majani, na kila mtoto anapoingia barazani anakiruka. Simwambii ni cha nini.

Kipande cha tumbawe nakiweka juu ya mkeka mbele yangu. Waaisilandi wa zamani walipopata baharini vipande vya namna hiyo, vyenye matawi, walisema ni kazi ya mikono ya marbendill, kwamba ni fundi huko chini. Okota kile kilichokwisha kufa na kutupwa na maji ufukweni, usivunje kilicho hai. Watoto wapitishiane, wakipapase, wanuse. Mtoto wa Kigamboni amekanyaga matumbawe tangu alipojua kutembea, lakini akiambiwa kuna watu waliodhani hiki kimechongwa, atakigeuza mkononi kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Umbo lake ulilinde. Watoto wamezoea katuni, na ukisema tu mtu wa baharini wataleta mkia wa magamba na nywele ndefu. Waambie sili: mnyama wa bahari za baridi, mnene, mwenye manyoya mafupi yanayong'aa, ana mapezi mahali pa miguu. Na huyu ni mwanamume, si mrembo, wala hakuja kumpumbaza mtu. Alikuwa kwenye shughuli zake, ndoana ikamkuta.

Swali la nguva litakuja, tena mapema. Lijibu kwa heshima. Nguva ni mnyama wa kweli wa bahari yetu, ananyonyesha, anakula majani ya baharini, na amebaki kwa uchache mno. Upande wa Rufiji na Mafia ndiko anakotajwa. Marbendill ni wa hadithi, na maji yake ni mengine. Swali la jini nalo litakuja. Nasema huyu si jini: hapandi kichwani, hatakiwi ubani, hafanyi ahadi za utajiri. Basi. Ukiliachia swali hilo, jioni nzima itakwenda kwa majini ya mikoko, na hadithi yako itabaki pwani.

Sasa kunyamaza. Marbendill hasemi kitu kutoka chomboni mpaka nyumbani, na kwa hiyo msimulizi usimpe hata mguno. Watoto hukujazia. Ngano zetu zina wimbo katikati, nami nimemtungia wimbo wa kuitikiana:

Marbendili, sema! Sisemi.
Marbendili, sema! Sisemi.
Marbendili, sema! Niahidi kwanza kunirudisha.

Mstari wa tatu nauzuia mpaka baada ya kicheko cha tatu. Kabla ya hapo ni "sisemi" tu, na watoto ndio wanaoita, mimi ndiye ninayejibu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Wakiona namna hiyo nao hushusha sauti, na wale wa nyuma husogea mbele.

Kicheko kiwe kimoja, kifupi, na kisiwe cha kuwatazama wao. Mimi huinua uso nikatazama juu ya vichwa vyao, "ha!", kisha narudi kwenye maneno kana kwamba halikutokea jambo. Nisiongeze "aliona kitu ambacho mkulima hakukiona". Wenyewe watauliza, "Bibi, anacheka nini?" Nami nasema: hata mkulima hajui. Mpaka leo Waaisilandi, mtu akiangua kicheko ghafla na wenzake hawajui sababu, husema, "Hapo marbendill akacheka." Msemo huo nawapa watoto mwishoni kabisa, na wiki nzima utawasikia wakiambiana.

Kuhusu mbwa nimeulizwa mara kwa mara na wasimulizi wenzangu, maana nyumba nyingi za Pwani hazifugi mbwa, na wapo wanaomgeuza kuwa paka ili wasilete ubishi. Mimi nasema mbwa abaki mbwa. Paka hamkimbilii mtu mpaka majini. Tena watoto wetu wanawajua mbwa wanaolala kivulini mwa mitumbwi na kuamka chombo kinaposogea. Na waliosoma madrasa wanaijua habari ya yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Kuna na sababu nyingine. Mbwa yumo katika hadithi hii tangu zamani sana. Kwenye saga ya Hálf, yaani masimulizi ya kale ya Aisilandi, ya enzi za kale kuliko mkulima wetu, wavuvi wanamleta mtu wa baharini kwa mfalme Hjörleif, naye hasemi kitu mpaka mfalme anapompiga mkewe na mbwa wake, ndipo anacheka, kwa sababu mfalme amewapiga wale watakaomwokoa. Ukimtoa mbwa umeng'oa nguzo ya nyumba.

Mke nampitisha kwa uangalifu. Kwa wadogo nasema mapokezi yake hayakutoka moyoni, na hapo natua. Kwa wakubwa nasema lile lililosemwa. Ila sikubali hadithi igeuzwe kuwa mawaidha juu ya wanawake, na nikimsikia msimulizi anafanya hivyo nachukia, kwa kuwa marbendill hakumcheka mke. Alimcheka mume, mara zote tatu, kwa kupiga pasipostahili, kulaani pasipostahili, na kufurahi pasipostahili. Mtoto akitoka barazani akidhani tatizo lilikuwa mke, hukusimulia vizuri.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo wengi huikimbiza. Mkulima amekwisha kuambiwa yote matatu. Atajuaje kama ni kweli? Anasema, kwa maana hii: uaminifu wa mbwa na wa mke siwezi kuupima papa hapa, lakini kinundu naweza kukichimba, na nikikuta mali, basi nitajua na yale mawili mengine yana ukweli. Tua hapo. Usichimbe. Waulize watoto: wewe ungechimba? Binti mmoja wa darasa la tano aliwahi kunijibu kwamba asingechimba, maana akikuta fedha itambidi aamini na la mke. Wengine wakanyamaza wakimtazama. Alikuwa ameona kwamba jembe lile linafukua mambo mawili kwa pamoja. Baada ya majibu ya namna hiyo ndipo nawanyanyua wote tuende kwenye kinundu cha mchanga, na wao ndio wanaochimba. Chini nimefukia sarafu za shilingi mia na mia mbili zilizofungwa kwenye kitambaa, na mwisho wa jioni kila mmoja anaondoka na yake.

Wakishachimba, msiketi. Mkulima ana ahadi ya kutimiza, na watoto wakiona fedha husahau kuwa kuna mtu nchi kavu anayengoja kurudishwa. Simama, uliza kwa sauti, "Na marbendili?" Watakimbia kuketi chomboni. Nawapanga wawili wawili, wanavuta makasia, tunaimba wimbo tukiwa njiani, na safari hii anajibu. Mkulima anamwuliza namna ya kupata samaki, naye anampa ushauri unaofanana na vitendawili vyetu: ndoana ifuliwe kwa chuma kilichotafunwa na kukanyagwa, ifuliwe mahali ambapo mlio wa mto na wa bahari husikika pamoja, na ikazwe kwa jasho la farasi. Waachie wafumbue. Chuma kilichotafunwa mimi nakifumbua kuwa ni lijamu ya farasi, na kilichokanyagwa kuwa ni kiatu chake. Watoto wa wavuvi hupenda hapa kueleza baba zao wanatumia ndoana namba ngapi kwa changu na ngapi kwa kolekole, wape nafasi. Katika orodha ya chambo cha marbendill kuna kimoja ambacho hakifai masikio ya watoto, nami nakiruka.

Na sasa onyo kubwa kuliko yote: usitaje ng'ombe mapema. Usiwataje kwenye utangulizi, usiwachore ubaoni, usimwambie mtoto anayelia kwamba mbele kuna ng'ombe. Ahadi ya mkulima ilikuwa kumrudisha mtu kwao, na malipo yake yalikuwa majibu matatu, yalikwisha kutolewa. Ng'ombe hawakuwemo katika makubaliano. Watoto wakijua wanakuja, safari ya kurudisha inakuwa biashara, na makasia yanavutwa kwa tamaa. Wasipojua, wanamtia majini kwa sababu waliahidi. Nimeisimulia kwa namna zote mbili, na watoto wanavyovuta makasia huwa tofauti kabisa.

Kibofu puani kieleze bila haraka: ndicho kinachowaunganisha ng'ombe hao na bahari, kikipasuka hawezi kurudi. Mtoto mmoja akilenga kwa fimbo ya kanga iliyokunjwa, mwenzake akiwa ameshika puto puani, baraza nzima itacheka. Anapatikana mmoja tu kati ya saba. Usiongeze wa pili hata wakikuomba.

Baada ya hapo watauliza mke alifanywaje, na mbwa aliombwa msamaha au la. Waachie wenyewe waseme wangefanya nini, na usiwasahihishe.

Kwa wasikilizaji wakubwa zipo nyingine za ukoo huo. Ukikaa na wavuvi Feri siku ambazo kusi limekaza na vyombo haviendi mbali, wape hafstrambur. Anaelezwa katika kitabu cha Kinorwei cha karibu mwaka 1250, Konungs skuggsjá, katika habari za bahari ya Greenland: mrefu, anasimama wima juu ya maji, ana mabega na shingo, kichwani kama amevaa kofia ya chuma yenye ncha, hana mikono, na hakuna aliyewahi kuona anaishia vipi chini. Akionekana, dhoruba inafuata. Mabaharia walitazama anapiga mbizi akielekea wapi: akielekea chombo, watu watapotea, akikipa chombo mgongo, tufani itakuwa kali lakini roho zitapona. Simulia hiyo kwa ufupi, kisha ukae usikilize, kwa sababu wazee wa bahari watakueleza dalili zao za mawingu na ndege, na hizo zina thamani kuliko utakachoongeza wewe.

Ya Grímr kutoka Landnámabók, kitabu cha waanzilishi wa Aisilandi, siwapi watoto wadogo. Grímr yumo mashuani na watu wake, mwanawe Þórir amelala omoni ndani ya mfuko wa ngozi ya sili uliofungwa mpaka shingoni. Wanamvua mtu wa baharini, Grímr anamwuliza wataishi muda gani na ahamie wapi. Anajibiwa kuwa yeye na wenzake hawana haja ya kujua. Mtoto aliye mfukoni ndiye atakayekaa pale farasi jike Skálm atakapolala na mzigo wake. Majira yale yale ya baridi Grímr na watu wake walikwenda kuvua, mtoto akabaki nchi kavu, wakazama wote. Mama na mtoto wakamfuata Skálm mpaka kiangazi cha pili, ndipo akalala chini ya vilima viwili vyekundu vya mchanga. Katika mitaa yetu kuna watoto ambao baba zao hawakurudi. Angalia walioketi mbele yako kabla hujafungua kinywa.

Kwa wadogo, jioni ya pili, rudi kwa yule wa mfalme Hjörleif. Akiwa njiani kurudishwa baharini, mtu mmoja alimwuliza kipi kilicho bora kwa binadamu. Akajibu: maji baridi kwa macho, nyama kwa meno, kitani kwa mwili, na mimi nirudisheni baharini. Nawakaririsha hivyo hivyo, kisha kila mtoto anatunga yake kwa vitu vya nyumbani kwao. Barazani kwangu pamekwisha kupita madafu kwa koo, pweza kwa meno, feni kwa usingizi, kanga ya mama kwa baridi. Yale matatu wabadilishe wapendavyo. Mstari wa nne hauguswi.